Shemeji Asiyejua Vitendawili

Ukinipa nasimama, ukininyima nahesabiwa. Mimi ni nini?

Hujui? Usikimbilie kunipa mji. Mji wako kaa nao kwanza, maana safari hii tunapanda mlimani, na huko juu kuna mama mmoja aliyeishi na kitendawili hicho nyumbani mwake miaka na miaka, akikishika kila asubuhi asijue kwamba amekishika.

Jina lake Nakijwa, mke wa Mbonea. Kijiji chao ni Igunde, juu kabisa kwenye milima ya Upare, pale ambapo ukungu si mgeni. Unalala hapo na kuamka hapo. Enzi hizo watu walikuwa wamekwisha kujua kuuvuna. Nyavu nyembamba kama utando wa buibui zilitandwa toka kilima hiki hadi kile, na ukungu ukinaswa ulichuruzika usiku kucha hadi kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji lililochimbwa na mababu kwa ajili ya mashamba. Kuta za ndiva sasa zilikuwa na ngozi hai iliyojiziba yenyewe ikipasuka. Lakini kizibo kilikuwa kilekile cha mti, na aliyekuwa na zamu alikivuta kwa mikono miwili, maji yakatoka na ukelele mfereji mzima.

Asubuhi hiyo Nakijwa aliingia na bakuli la uji, akamkuta mama mkwe wake mahali pale alipomweka, ameketi kando ya jiko, juu ya Shemeji.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Wewe je?"

"Mimi nimeamka," akasema Bibi Nasikiwa. "Miguu ndiyo bado imelala. Nimeiita, haiitiki."

Sasa huyo Shemeji usimwazie vibaya. Kilikuwa kigoda. Kila nyumba mlimani ilipewa kimoja na serikali, cheusi, cha miguu mitatu, kinang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta. Watu wa Igunde walikiita Shemeji kwa kuwa kilikuja nyumbani bila kuchaguliwa na mtu, kinakaa ndani, hakichangii unga, na kila kinachokiona kinakipeleka kwao.

Nakijwa alimnywesha uji. Zamani Bibi alishika kijiko mwenyewe, lakini tangu mvua za vuli vidole vyake vilikuwa vinakiachia kijiko kama watoto wanaoachia kazi wakiona mzazi amegeuka. Uji ulipokwisha, Bibi alinyoosha mkono, na Nakijwa akaupokea hata haujanyooka wote. Mkono mmoja kwenye kiwiko, mwingine chini ya kwapa, goti likikinga goti. Wakainuka pamoja kama watu wawili wanaokuna nazi kwenye mbuzi moja. Wala hawakufikiri. Miili yao ilikuwa imekwisha kuzoea.

Shemeji akalia kengele yake ndogo. "Umesimama mwenyewe, au umeshikwa?" akauliza, kwa sauti ya mwanamke mpole aliyekulia mjini.

Bibi alisafisha koo. "Shemeji, nami nakutegea. Nina watoto wawili, wamenibeba toka usichana wangu. Leo wananiambia niwabebe mimi. Akina nani hao?"

"Jibu halikueleweka," kikasema kigoda.

"Umeshindwa? Nipe mji!"

"Jibu halikueleweka. Nimeandika: mwenyewe. Asante, misuli iko salama."

"Mji hana, ujanja hana," Bibi akamwambia Nakijwa. "Shemeji gani huyu tuliyeletewa?"

Nakijwa alicheka mpaka akajifuta macho. Ila alipokuwa anamwongoza Bibi kwenda uani kuota jua, aliusikia uzito kwenye kifundo cha mkono wake. Miaka ya nyuma mkono ule ulikuwa unampa Bibi salamu tu. Sasa ulikuwa unambeba.

Jumapili, watu walipotoka ibadani, ukuta wa sebule ulijaa sura ya Mbonea.

Alikuwa mbali, upande wa ziwa, kwenye Makazi ya Birika. Huo ulikuwa mwaka wa saba. Alianza kwa kushindwa kunyanyua jembe juu ya bega. Halafu ngazi za ndiva zikamshinda, akawa anapumzika kila ngazi kama anahesabu deni. Halafu kope zake zikaingia rangi ya zambarau, vijana wakamtania kwamba amejipaka wanja wa mkewe. Naye akacheka nao, maana nani angejua? Siku moja aliketi juu ya Shemeji peke yake, Nakijwa yuko shambani, akajaribu kuinuka. Kigoda kikasikia.

Msuli wowote ukifanya kazi huvuma. Wewe huusikii, lakini upo mvumo, kama nyuki wa mzinga ulio mbali. Msuli mzima huvuma mfululizo. Lakini kuna magonjwa machache ambamo walinzi wa mwili wenyewe, wale wanaopaswa kufukuza vijidudu, hugeuka na kuingia kwenye nyama ya mapaja na mabega, wakaiunguza polepole. Msuli wa namna hiyo hukatikakatika unapovuma. Huo ndio mvumo ambao kigoda kiliagizwa kuusikiliza.

Dawa ilikuwepo, lakini ilikuwa dawa hai. Ilikuzwa ndani ya birika kubwa, ikalishwa, ikatunzwa joto kama kifaranga, na ikitolewa ilikufa kabla jua halijazama. Haikusafirishika. Mgonjwa ndiye aliyesafiri, akakaa jirani na birika, na kwa kuwa dawa iliwalaza walinzi wa mwili, watu wa Makazi hawakukaribisha wageni wala wenzi wao. Mafua ya mgeni mmoja yangezika watu. Kwa hiyo Mbonea alipona kiasi cha kutembea, akawa anatembea ufukweni, na mke wake akawa picha ukutani.

"Umepungua," Nakijwa akamwambia.

"Na wewe umenenepa. Mnakula makande bila mimi."

"Tunakula na sehemu yako. Tufanyeje, tuimwage?"

Mbonea alicheka. Nyuma yake ziwa lilikuwa jeupe kwa jua. "Huku hata kivuli kina joto," akasema. "Jana nimeota baridi. Nimeota tu baridi, hakuna mtu ndani yake, hakuna maneno. Nimeamka nalia kama mjinga." Akajifuta jasho. "Mama anasimama?"

"Anasimama."

"Nisikilizishe basi."

Nakijwa alijua anachokitaka mumewe. Kila Jumapili alikitaka hicho hicho. Nakijwa alishuka hadi ndivani, akamwomba mwenye zamu asubiri kidogo, akainamisha bangili yake ya simu karibu na kizibo. Kizibo kikavutwa. Maji yakapiga ukelele. Kule ziwani, mwanamume mzima alikuwa amefumba macho akisikiliza maji ya kwao yanakwenda kwenye maharage ya watu wengine.

Wiki hiyo hiyo akapanda mgeni.

Pembe ilipulizwa kuita msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba Igunde hutoa mtu wake, na watu walipokusanyika kuzibua mifereji wakamkuta msichana mmoja mrefu amesimama kwenye ukingo wa ndiva na kigoda cheusi mkononi. Alijitambulisha kwa jina la Ng'washi, mtaalamu wa Hesabu ya Misuli, mzaliwa wa kanda ya ziwa.

"Nimekuja kuwapongeza," akasema. "Kote nchini, tukihesabu vizuri, tunapata watu kumi, kumi na wanne wenye magonjwa haya katika kila laki. Mlima huu una karibu watu laki nzima, na mwaka huu vigoda vinatuambia wawili. Wawili! Hakuna mahali tulipoona hivyo. Wakubwa zangu wamenituma niulize siri yenu."

"Makande!" akapiga kelele Mzee Kihedu, na watu wote wakaunga mkono.

"Makande na baridi," akaongeza Naetwe, mwenye duka. "Huko kwenu mnaoza kwa joto, mwanangu. Sisi tumehifadhiwa."

Ng'washi alicheka nao, akaandika makande. Kisha akawapa na lile lililobaki, kwa sauti ya chini kidogo. Mwaka huu mabirika mapya yalikuwa yanagawiwa. Sehemu yenye wagonjwa kumi au zaidi kwa laki ingepata birika lake, na watu wake walioko mbali wangerudishwa nyumbani. Mlima huu usingepata. Vigoda vitachukuliwa vipelekwe kwingine, na mgao mwingine labda wajukuu wao watauona.

"Na wale wawili waliopatikana?" aliuliza Nakijwa. Alijua jibu, lakini alitaka lisemwe.

"Watashuka ziwani, Mama. Sheria haimwachi mgonjwa aliyejulikana akae bila dawa."

Watu wakatikisa vichwa, wakasema pole, wakamletea mgeni kikombe cha chai. Akaketi kwenye kile kigoda chake kunywa. Alipomaliza akaegemea mbele ili ainuke, na hapo mikono mitatu ikamfikia kwa mkupuo. Mzee Kihedu alishika kiwiko, Naetwe akashika bega, na mama mmoja aliyekuwa anapita tu na karai la udongo akaweka karai chini ili naye ashike.

Ng'washi alishtuka, akacheka. "Jamani! Mimi ni mzima! Kwetu anayeshikwa mkono ni mgonjwa au bibi harusi."

"Hatukukushika, mwanangu," akasema Mzee Kihedu, ameumia kidogo. "Tumekusalimu."

Kigoda kikalia kengele. "Umesimama mwenyewe, au umeshikwa?"

"Mwenyewe!" wakajibu watu wote watatu kwa niaba yake, kwa moyo mweupe kabisa.

Ng'washi akageuka kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji. Hakuona kitu. Yeye alizaliwa mahali ambapo watu huinuka wenyewe. Lakini Nakijwa alibaki amesimama na jembe lake, mfereji unapita juu ya viatu vyake.

Igunde nzima. Vudee, Suji, mlima mzima. Nani aliwahi kumwacha mtu ainuke peke yake mbele ya watu? Mtoto akijifunza kusema shikamoo anajifunza na kunyoosha mkono. Mtu anaketi, mtu anainuka, mkono upo hapo kama hewa, na hewa nani anaihesabu? Kigoda kiliuliza, nao wakajibu kweli yao. Nguvu iliyosikika ilikuwa ya watu wawili, ikaandikwa ya mmoja.

Akawatazama wenzake upya. Mzee Kihedu, anayepanda ngazi za ndiva kwa kujivuta kwenye ua wa pembeni. Naetwe, aliyeacha kujitwisha ndoo kichwani, akidai imeharibu nywele. Mama Sefania, ambaye siku hizi anamwinamia mwanawe amfunge kilemba. Nakijwa akajikuta anawahesabu. Akafika watano, akafika sita, moyo ukadunda kwa furaha.

Kisha akaisikia furaha ile. Ikamtia baridi kuliko maji yaliyokuwa miguuni mwake. Alikuwa amesimama katikati ya majirani zake akiwaombea ugonjwa.

Alimkuta Bibi uani anaota jua la mchana, kuku wakimzunguka. Akaketi chini, mgongo kwenye ukuta.

"Mama," akasema. "Nikuulize kitu?"

"Uliza. Masikio yangu hayajaacha kazi."

"Unaweza kusimama mwenyewe?"

Bibi Nasikiwa alitazama kuku. "Nami nakutegea," akasema. "Ukinipa nasimama, ukininyima nahesabiwa. Mimi ni nini?"

Nakijwa aliitazama mikono yake, kisha akamgeukia. Kumbe. Kumbe siku zote alikuwa anajua, na vile vitendawili vyote vya asubuhi havikuwa mzaha. Vilikuwa mlango alioufunga kwa ndani.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu wewe ulipoanza kunikinga goti kwa goti. Zamani ulikuwa hukingi." Alitazama vidole vyake vilivyolala kwenye mapaja. "Ugonjwa wa mwanangu ulimchora macho. Huu wangu ni ndugu yake mwingine, unakuja uzeeni, unaanza na mapaja na vidole. Nilimsikia daktari mmoja redioni anaueleza, nikasema, karibu, ulikuwa wapi siku zote."

"Na hukusema? Kule kuna dawa. Kule kuna Mbonea!" Sauti ya Nakijwa ilipanda bila yeye kutaka. "Ungekwisha kumwona! Miaka hii yote ungekuwa unamwona kwa macho, unamshika. Kila Jumapili unamwambia ukutani 'nakukumbuka, baba', na wewe ulikuwa na njia ya kwenda!"

 Kuku mmoja alirukia mguu wa Bibi, naye akamwacha.

"Ningemwona," akasema. "Ninamwota ameketi namna hiyo, nimemshika kichwa. Lakini wewe, mwanangu, Mungu hakuwapa mtoto. Ningeshuka ziwani, nikae na mwanangu, tule samaki. Na hapa? Nani angekuamkia? Nani angekuuliza umelalaje? Shemeji?"

Nakijwa alifunika uso kwa kanga.

"Nilikaa nikapima," Bibi akaendelea, polepole, kama mtu anayechambua mchele. "Yeye ana wenzake kule, wanacheza bao, wanagombana. Wewe ungekuwa na mimi tu. Basi nikamwacha aningoje."

Walikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda bondeni na nyavu zilikuwa zinauvizia. Nakijwa aliwaza njia zote mbili. Akinyamaza, vigoda vitaondoka, birika halitakuja, naye atabaki na Bibi wake, anayezidi kuwa mzito kila mwezi, na Mbonea atazeekea ukutani. Akisema, mlima utahesabiwa upya. Wakifika kumi, birika litapanda na Mbonea atapanda nalo. Wasipofika, Mzee Kihedu atashushwa, Naetwe atashushwa, Bibi atashushwa, kwa sababu ya mdomo wake yeye. Naye atabaki peke yake, hata kigoda cha kumuuliza kisiwepo.

"Ninamtaka mume wangu," akasema mwishowe. "Ninamtaka mpaka leo nimefurahi kumwona Naetwe anashindwa kujitwisha ndoo. Mama, mimi nimekuwa mtu gani?"

"Umekuwa mtu anayemtaka mume wake," akasema Bibi. "Mimi nilidhani umekwisha kuzoea, nikawa nakusikitikia. Afadhali hivi."

"Nitamwambia yule msichana. Naetwe anaungua na hajui. Hilo siwezi kulilalia. Lakini wewe, Mama, ukiulizwa, jibu la mwili wako. Usinijibie mimi. Mimi nitakaa. Nimekwisha kukaa miaka saba na picha, sitashindwa kukaa na mbili."

 Bibi Nasikiwa alinyoosha tu mkono, Nakijwa akaupokea.

Ng'washi aliposikia, aliketi kwenye jiwe la njiani, akashika kichwa. "Mikono," akarudia. "Tumefanya hesabu ya mlima mzima, na hatukuuliza habari ya mikono." Halafu akaruka kutuma habari vijiji vyote, kwa wenzake waliokuwa wanafunga vigoda tayari kuondoka. Wapimwe wote upya, siku moja, na asishikwe mtu.

Kusema asishikwe mtu ni rahisi ukiwa mtu wa ziwa.

Pembe ililia, Igunde ikakusanyika kando ya ndiva, vigoda vimepangwa kwenye nyasi. "Mikono nyuma, jamani," Ng'washi akawasihi. "Leo tu. Anayeinuka ainuke mwenyewe." Wakaitikia vizuri sana. Mzee Kihedu akaketi, akaanza kuinuka, akayumba, na mikono mitano ikamdaka.

"Jamani!"

"Samahani, mwanangu. Imetoka yenyewe."

Wakarudia. Ikatoka yenyewe tena. Mwenyekiti aliamua kufungwa mikono kwa kanga kama mfano kwa wengine, na Mama Sefania alipoyumba, mwenyekiti alimkinga kwa bega, wote wawili wakaenda chini wakicheka na kuugua. Watoto walikuwa wanashangilia kama mpira. Ng'washi alikuwa karibu kulia. Mpaka adhuhuri, wachache tu ndio walioweza kusikilizwa vizuri. Naetwe alikuwa mmoja wao. Aliinuka mwenyewe kwa shida, akiwa ameuma mdomo, na kigoda chake hakikusema misuli iko salama. Kilinyamaza. Akatazama huku na huku, akauliza kwa sauti ndogo, "Kimeharibika?" na hakuna aliyecheka.

Nakijwa alimsogelea Ng'washi. "Tumefika wangapi, mlima mzima?"

"Nikikuambia, Mama, utanong'oneza. Na watu watajibu idadi badala ya kujibu miili yao." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi mwenyewe nimefunga ukurasa. Sitaki kujua mpaka wa mwisho awe amejibu."

Wa mwisho alikuwa Bibi Nasikiwa.

Alikuwa ameketishwa kwenye Shemeji wao wenyewe, waliyekuja naye toka nyumbani. Kila mtu pale alikuwa amewahi kumshika mkono. Nakijwa alisimama mbele yake, mikono nyuma, vidole vimefungana kama mlango wa zizi.

Bibi aliegemea mbele. Akaweka viganja kwenye mapaja, akasukuma. Mapaja hayakusikia. Akajibembea mara moja, mara nyingine, kama mtu anayetafuta kuvuka mfereji. Jasho likamtoka chini ya kilemba. Shemeji alikuwa kimya, anasikiliza. Nakijwa alihisi mvumo ule kinaousikia kigoda, akausikia kwa mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo, unakatikakatika.

Bibi akainua macho. Hayakuwa yanaomba. Yalikuwa yanamtazama kama siku ile Nakijwa alipoletwa bibi harusi, baridi imemshika, na mwanamke huyu akamvua kandambili zilizolowa akamwekea miguu karibu na moto.

Nakijwa akafungua vidole.

"Mama Nakijwa!" Ng'washi akaita. "Nimesema..."

"Umesema, mwanangu. Nimesikia." Alikuwa amekwisha kushika kiwiko, na mkono mwingine chini ya kwapa, goti kwa goti. "Lakini hicho kigoda chenu kina mdomo. Acha kiulize. Sisi ndio hatujawahi kukijibu sawasawa."

Wakainuka. Bibi alisimama wima, mdogo, kilemba kimekaa upande. Upepo wa kwenye ndiva ukapita. Nakijwa hakumwachia. Akamnong'oneza, "Mwili wako, Mama. Usinijibie mimi."

Kengele ikalia.

"Umesimama mwenyewe, au umeshikwa?"

Watu walisubiri kitendawili. Wengine walikwisha kuanza kutabasamu. Bibi Nasikiwa alisafisha koo. Akautazama mfereji unaoshuka kwenye maharage, kisha njia ya kuteremka mlimani, ile aliyoishika Mbonea. Mwisho akautazama mkono uliokuwa chini ya kwapa lake, akaupapasa kwa vidole vile visivyoshika kijiko.

"Nimeshikwa, shemeji yangu," akasema. "Miaka yote hii, nimeshikwa."